Biolojia ya jumla kwenye chuo cha jamii Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilisoma biolojia ya jumla kwenye chuo cha jamii hapa Texas huku nikifanya kazi usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Baadaye nikabaki miaka miwili kwenye kituo cha chuo cha kuwasaidia wanafunzi masomo. Wengi waliokuwa wakivuta kiti mbele ya meza yangu walikuwa watu wa kwetu: Watanzania, Wakenya, Warundi, Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Maswali yalikuwa yaleyale, na bado nayapata kwenye WhatsApp saa nane usiku, ndiyo maana nimeyaandika hapa. Niseme mapema ninavyoona mimi: wengi niliowashuhudia wakikwama, biolojia waliiweza. Kilichowaangusha ni tarehe, pointi na fomu.

Chuo cha jamii ni chuo kweli, au ni cha waliokosa chuo kikuu?

Ni chuo kweli. Kinatoa shahada ya miaka miwili, ambayo ni takriban krediti 60 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), na krediti hizo unaweza kuhamia nazo chuo kikuu ukamalizia miaka miwili iliyobaki. Kile cha umma kikongwe kuliko vyote, Joliet Junior College cha Illinois, kilianza mwaka 1901, kwa hiyo mpango huu si wa jana. Mlango uko wazi kwa karibu kila mtu mwenye cheti cha sekondari, na ada ni ndogo, hasa ukiishi ndani ya eneo linalolipa kodi ya chuo hicho. Akikucheka mtu kwenye kikao cha harusi, muulize anadaiwa mkopo kiasi gani.

Kwenye orodha naona biolojia nne. Nichukue ipi?

Tulia hapa, maana kosa la swali hili ni la muhula mzima.

Kuna biolojia ya wanaosomea sayansi na kuna ya wanaotafuta tu krediti za sayansi ili wamalize biashara au ualimu wa historia. Majina yanafanana, namba zinatofautiana. Vyuo vya umma vya miaka miwili hapa Texas vinatumia namba za pamoja: BIOL 1406 na 1407 ni za watu wa sayansi, BIOL 1408 na 1409 ni za wengine. Tarakimu ya pili inakwambia krediti, hivyo 1406 ina krediti 4, maabara ikiwemo. Vyuo vingine huigawa, 1306 ikawa darasa na 1106 ikawa maabara. Ukiona hivyo jiandikishe zote mbili. Virginia utakuta BIO 101 na 102, North Carolina BIO 111 na 112.

Nusu ya kwanza kwa kawaida ni kemia ya uhai, seli, nishati, vinasaba na urithi. Nusu ya pili ni mageuko, makundi ya viumbe, mimea, wanyama na ikolojia.

Anayelenga uuguzi atahitaji hasa anatomia na fiziolojia, sehemu mbili, pamoja na mikrobiolojia. Vipo vyuo vinavyodai upite biolojia ya jumla kwanza, na vipo visivyodai. Fungua ukurasa wa programu ya uuguzi unayoitaka, soma masharti yake, kisha ndipo uende kwa mshauri wa masomo ukiwa na karatasi mkononi. Nilimsaidia kijana aliyepata A nzuri kwenye 1408, akaja kugundua kwamba famasia aliyokuwa anaitaka haiitambui. Alirudia yote.

Jambo lingine ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa: programu nyingi za uuguzi huangalia umri wa kozi zako za sayansi, mara nyingi miaka 5 au 7. Usichukue biolojia leo kama uuguzi wenyewe unaupanga baada ya watoto kumaliza shule.

Nilimaliza kidato cha nne miaka ishirini iliyopita. Nitapokelewa?

Umri si kikwazo. Cheti chako kinapelekwa kwenye taasisi ya kutathmini vyeti vya nje, iliyo mwanachama wa NACES, umoja wa taasisi hizo, na chuo kitakwambia kama kinataka tathmini ya kawaida au ya somo kwa somo. Kama vyeti viliungua au vilibaki kwenye vita, njia ya wengi ni mtihani wa GED, unaokupa cheti kinachosimama badala ya cha sekondari. Halafu kuna mtihani wa kukupanga kwenye Kiingereza na hesabu. Hapa Texas unaitwa TSI. Usiende kuufanya bila kujisomea ukidhani ni utaratibu tu wa kujiandikisha. Matokeo mabaya yanaweza kukuongezea kozi za maandalizi unazolipia kabla hujaiona seli hata moja.

Pesa je?

Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu, kwenye studentaid.gov. Ni bure; anayekutoza dola mia kukujazia anakula jasho lako. Kwa mwenye kipato kidogo kinachotafutwa ni Pell Grant, ambayo hairudishwi. Kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2024/25 kilikuwa dola 7,395, na kwenye vyuo vingi vya jamii hiyo inamaliza ada na kubakiza ya vitabu. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuomba. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hapati. Waliopewa hadhi ya ukimbizi wamekuwa wakikubaliwa kwa miaka mingi, ila sheria hizi hubadilika, kwa hiyo beba I-94 yako (rekodi ya kuingia Marekani) hadi ofisi ya misaada ya fedha wakupe jibu la mwaka huu.

Pell ina kikomo cha maisha: mihula 12 ya masomo kamili, basi. Pia ni lazima umalize takriban theluthi mbili ya krediti unazojiandikisha, la sivyo msaada unasimamishwa. Na ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya pesa hurudishwa serikalini, na chuo kinaweza kukudai wewe. Nimeona watu wakipotea kimyakimya wiki ya tano kwa sababu ya zamu za kazi, kisha barua ya deni inafika nyumbani. Usipotee. Nenda ofisini, saini karatasi.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitaelewa?

Kiingereza cha biolojia kina huruma kuliko cha fasihi. Maneno yake mengi ni ya Kilatini na Kigiriki, hata Mmarekani anayakariri upya kama wewe. Aliyesoma Kongo au Burundi kwa Kifaransa ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani: mitokondria, membreni, fotosintesisi, yote anayajua, abadilishe matamshi tu. Kinachomchanganya ni maneno ya kawaida. Neno wanaloliita hapa "lecture", ambalo ni mhadhara, kwa Kifaransa lenye herufi hizohizo ni kusoma. Mama mmoja kutoka Uvira alikaa wiki mbili akisoma kitabu nyumbani saa za mhadhara, akidhani ratiba imempa muda wa kusoma.

Nami nina imani moja ambayo walimu wengine hawaipendi: lijue jambo kwa Kiswahili kwanza. Maneno yetu yanajieleza. Usanisinuru, ile fotosintesisi, ni usanisi, yaani kutengeneza, kwa nuru, umeshaelewa nusu ya sura. Kimeng'enya kinameng'enya. Vinasaba vinatokana na nasaba, na ndicho kitu chenyewe. Selimundu ni seli yenye umbo la mundu. Ila chunga neno kiini. Tunaliita hivyo lile la katikati ya seli, na la njano la yai pia tunaliita kiini. Si kitu kimoja. Lile la njano ni seli yenyewe iliyojaa chakula. Kiini cha kibiolojia kimo ndani ya kadoa kadogo keupe juu yake. Swali hili limewatoa watu pointi mbele yangu.

Nimepata 75 kwenye mtihani. Si ni A?

Pole sana. Kwa NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, kidato cha nne 75 ni A. Hapa, kwenye madarasa mengi, A inaanza 90, B 80, C 70. Kwa hiyo umepata C. Mkongo aliyezoea kwamba asilimia 50 inamvusha anashtuka zaidi, maana 50 hapa ni F.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba alama haitoki kwenye mtihani mmoja wa mwisho kama kwetu. Inakusanywa kidogokidogo: kwizi za kila wiki, ripoti za maabara, kazi za nyumbani, mahudhurio, mitihani mitatu minne. Karatasi inayoitwa silabasi inaonyesha kila kimoja kina uzito gani. Kwetu mtu anaweza kulala muhula mzima akaamka mwezi mmoja kabla ya mtihani, akafaulu. Hapa mwezi huo ukifika, alama zimeshaliwa.

Nafanya kazi zamu za usiku. Inawezekana?

Inawezekana, nimefanya, na sikushauri uige nilivyofanya. Kozi ya krediti 4 kwa kawaida ni saa tatu za darasa na saa tatu za maabara kwa wiki, na nyumbani uhesabu saa nyingine nane hadi kumi. Hiyo ni siku mbili za kazi. Ukiiongezea kemia muhula huohuo, pamoja na zamu nne za saa 12, kitu kitaanguka, na mara nyingi kinachoanguka ni usingizi, kisha vingine vinafuata. Mtu mwenye kazi na watoto achukue biolojia na somo moja jepesi. Muhula wa kiangazi unabana wiki 16 ziwe tano hadi nane. Usiuguse kama hii ndiyo sayansi yako ya kwanza kwa Kiingereza.

Na saa zao uzisome vizuri. Kwizi yangu ya kwanza ilikuwa inafungwa Ijumaa saa 12:00 AM. Nikasema Ijumaa usiku nitatoka kazini mapema, nitaifanya. Hiyo saa 12:00 AM ya Ijumaa ndiyo ile tunayoiita usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilipoifungua ilikuwa imefungwa karibu saa ishirini na nne. Mwalimu alinisikiliza kwa adabu zote, akaniachia sifuri yangu.

Maabara kunafanyika nini? Sijawahi kushika hadubini.

Wengi hawajawahi, hata wenyeji. Vaa viatu vya kufunika vidole, kwa sababu ukija na ndala utarudishwa mlangoni na utahesabiwa hukuhudhuria. Nywele fungwa, ncha za hijabu au mtandio zichomekwe ndani ya koti.

Siku za mwanzo mtachuna ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, ile inayong'aa kama nailoni, mtaiweka kwenye kioo na tone la ayodini. Kifuniko kishushe kwa kukilaza upande mmoja kwanza. Ukikidondosha bapa unafungia mapovu. Kila muhula kuna mtu anachora duara safi lenye ukingo mweusi mnene akaandika pembeni "seli". Ni povu la hewa. Seli za kitunguu zimepangwa kama matofali ya ukuta. Anza na lenzi fupi ya 4, tafuta picha, kisha panda 10, kisha 40. Zidisha kwa 10 ya lenzi ya jicho: 40, 100, 400. Anayeanza na ndefu hupasua kioo.

Halafu mtapitisha maji ya chumvi, na utando wa seli utanywea ukiachana na ukuta wake. Darasa zima litashangaa isipokuwa wewe, kwa sababu kila ulipotia chumvi kwenye vitunguu vya kachumbari ukavikamua maji, ulikuwa unafanya osmosisi. Waliotengeneza ng'onda nao waliijua zamani. Andika hivyo kwenye ripoti, walimu hupenda, lakini maliza kwa kueleza maji yametoka wapi kwenda wapi na kwa nini.

Baadaye kunakuja pipeti ndogo, yenye kitufe chenye vituo viwili. Bonyeza hadi kituo cha kwanza ncha ikiwa hewani, izamishe, achia kidole taratibu. Wakati wa kutoa, pitiliza hadi kituo cha pili ili tone la mwisho litoke. Wanaovutia kwa kituo cha pili huchukua kimiminika kingi kupita kipimo, na jeli yao ya DNA (bamba laini ambamo umeme hutenganisha vipande vya DNA) inaharibika bila wao kujua sababu. Kwenye jeli yenyewe, DNA ina chaji hasi, hivyo inakimbilia upande chanya, wa waya mwekundu. Kagua nyaya kabla ya kuwasha umeme. Mimi na mwenzangu tuligeuza, tukakaa dakika arobaini tukisubiri vinasaba ambavyo vilishatoka kwa mlango wa nyuma.

Mimi ni Mwislamu. Ni kweli wanapasua nguruwe?

Baadhi ya vyuo, hasa kwenye sehemu ya pili, hutumia vijusi vya nguruwe vilivyohifadhiwa kwa dawa. Zungumza na mwalimu wiki ya kwanza, faragha, kabla nguruwe hajafika mezani. Nimeona ukipatikana mfano wa plastiki, programu ya kompyuta, au makubaliano kwamba wewe unaandika na kutaja viungo huku mwenzako anashika kisu. Wengine huona glavu zinatosha. Hilo muulize sheikh wako, mimi nilikuwa mtu wa kituo cha masomo tu.

Kuhusu mageuko: nitalazimishwa kuamini kinyume na dini yangu?

Hakuna mtihani unaouliza imani yako. Unaulizwa ueleze uteuzi asilia unavyofanya kazi na ushahidi wake ni upi. Nikiona mtu ameanza kukunja uso, huwa namuuliza kama anaikumbuka klorokwini, ile ya kuwasha mwili mzima. Ilikuwa inatibu malaria. Vimelea vichache vilivyoweza kuihimili vikasalia, vikazaliana, mwisho vikawa vingi, na mwaka 2001 Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza. Huo ndio uteuzi asilia, umetokea kwenye damu ya watu tunaowajua.

Ukifika sura hiyo utashangaa pia ni mara ngapi kitabu cha Marekani kinarudi kwetu. Samaki wa Ziwa Victoria wamo. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, zimo. Na mfano maarufu kuliko yote wa jeni moja yenye faida na hasara ni selimundu: anayerithi nakala mbili anaugua, anayerithi moja ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Aliyeonyesha uhusiano huo, Anthony Allison, alikulia Kenya na akachapisha matokeo yake mwaka 1954 baada ya kupima watu wa Afrika Mashariki. Wenzako watakariri kwamba herufi moja ya DNA imebadilika na asidi amino ya glutamiki ikawa valini. Wewe labda una binamu mwenye ugonjwa huo. Hutaisahau.

Naweza kuisoma mtandaoni?

Darasa ndiyo, ukiwa na nidhamu. Maabara ya mtandaoni usiichukue kabla ya kuuliza programu unayoilenga, kwani baadhi haziikubali. Mwenye F-1 ana mipaka yake pia: kwenye masomo yake ya lazima ya kila muhula, ni kozi moja tu ya mtandaoni inayohesabiwa.

Kitabu ni dola mia mbili!

Uliza kama toleo la zamani linafaa. OpenStax, mradi wa Rice University ya hapa Houston, unatoa vitabu vya biolojia bure kwenye intaneti, na walimu wengi wa vyuo vya jamii ndivyo wanavyotumia. Usinunue chochote kabla ya siku ya kwanza ya darasa.

ChatGPT iniandikie ripoti ya maabara?

Haikuwepo maabara. Itumie kukueleza sura ngumu kwa Kiswahili ikibidi, kisha andika ulichokiona wewe, hata kama ni mapovu.

Nimefeli mtihani wa kwanza. Niache?

Usiamue siku hiyo. Chukua silabasi na kalamu upige hesabu: mtihani huu ni asilimia ngapi, na ukipata 80 kwa vyote vilivyobaki utafika wapi. Mara nyingi utaona C au B bado ipo. Kisha nenda kwa mwalimu saa zake za ofisi. Watu wa kwetu hatuendi. Tunaona ni kama kwenda kushtakiwa, au tunaogopa kumsumbua mkubwa. Anakaa pale akisubiri wanafunzi na kwa kawaida hakuna anayekuja. Mwite "Professor" na jina la ukoo, beba mtihani wako, na usimwambie "sielewi kitu". Mwambie "swali la 14 nilijibu hivi kwa sababu hii".

Kama hesabu inakataa kabisa, tazama tarehe ya mwisho ya kujitoa. Ukijitoa kabla yake unapata W, alama ya kujitoa, ambayo haigusi GPA yako (wastani wa alama zako zote), ingawa inahesabika kwenye zile theluthi mbili za msaada wa fedha. F inagusa vyote. Muulize mshauri wa fedha kabla ya kubonyeza kitufe.

Nikimaliza kozi, daftari na makaratasi nitupe?

Daftari fanya utakavyo. Silabasi ihifadhi, kwenye barua pepe yako binafsi na si ya chuo, kwa sababu ya chuo inaweza kufungwa ukishaondoka. Ukihamia chuo kikuu cha jimbo lingine, ofisi ya kule inaweza kusema haiijui BIOL 1406 yenu na kutaka kuona ilifundisha nini, sura kwa sura, na maabara ilikuwa saa ngapi. Mimi niliombwa yangu miaka sita baadaye. Niliikuta kwenye boksi la viatu, ina doa la chai, na ile kwizi ya Ijumaa nimeizungushia kalamu nyekundu.